Majina Niliyoipa Mashine Yangu

Aibu yenyewe niitaje kwanza, ili mwenye kutaka kucheka acheke mapema tuendelee: mimi Shabani, mwenye sekretaria ya kupiga chapa na kutoa fotokopi karibu na soko la Rumonge, nilisimama na kanzu nyeupe mbele ya watu wote wa harusi ya dada yangu, na juu ya tumbo langu pakawa pameandikwa kwa herufi za mwanga kwamba shangazi wa bwana harusi amekula mukeke wote (mukeke ni samaki wa ziwa letu, mtamu kuliko wote). Yalisomeka vizuri sana, kwa sababu kanzu mama alikuwa ameifua na kuipiga pasi kwa mkono wake. Tangu siku ile kuna wavuvi kule mwaloni wananiita Mukeke Wote, nami naitika, maana ukilikasirikia jina la utani ndiyo umelipa uraia.

Kisa kinaanzia kwenye flashi (sisi huku tunaiita kle). Mteja wa Rumonge haji na karatasi, anakuja na kle, na kle hiyo imeshapita katika kila kompyuta ya mji na kuokota ugonjwa wa kila moja, basi mashine yangu ya dukani ikawa inaumwa kila wiki, mara barua ya mtu imegeuka vidudu, mara yenyewe inazima katikati ya kazi. Nikampigia binamu yangu Idrisa, anayesoma mambo ya kompyuta Bujumbura, akaniambia niachane na Windows za wizi, niweke Linux, na si Linux hii ya kila mtu, niweke inayoitwa NixOS, kwa sababu, alisema, "hiyo hata wewe huwezi kuiharibu". Hapo kwenye "hata wewe" ningepaswa kuuliza swali, lakini nilikuwa na haraka.

Niwaeleze kwa kifupi, msichoke. Mashine ya namna ile huibandikii programu moja moja kama tulivyozoea. Unaandika katika faili moja kila unachotaka iwe nacho, programu ya kuandikia, printa, sauti, saa ya Bujumbura, halafu unaiamuru ijijenge upya kufuata maandishi yako, na ikishajijenga, ile ya jana haifi, inakaa pembeni nzima kabisa. Umeboronga? Unazima, unawasha, inatokea menyu yenye mashine zako zote, mpya juu, kongwe chini, unachagua ya jana na kuendelea na kazi kana kwamba hukufanya upumbavu wowote. Nami upumbavu niliufanya mwingi, kuna siku nilisahau alama ya nukta na mkato mwishoni mwa mstari mmoja, mashine ikanigomea asubuhi nzima huku watu wa vyeti vya kuzaliwa wamepanga foleni mpaka nje, wananitazama kama daktari aliyepoteza sindano. Lakini nilijifunza. Polepole, kwa bando la simu linaloisha kabla ya kazi, nilijifunza, na kiburi kikaanza kuniota.

Sasa, katika ile menyu kila mashine ya zamani ina namba tu, na namba haisemi kitu, nani atakumbuka printa ilikubali katika ipi? Nikagundua kwamba kwenye faili unaweza kuongeza mstari wa jina lako mwenyewe, herufi na vistari tu, bila nafasi, na jina hilo likatokea kwenye menyu. Nikaandika printa-imekubali. Ni jina la mtu mwenye akili timamu, na kama ningeishia hapo msingekuwa mnanisikiliza leo.

Tatizo ni kwamba kwetu jambo halipewi jina hivihivi tu. Mama yangu hajawahi kugombana na jirani kwa mdomo, anavaa kanga yenye maneno yanayofaa na kupita mbele ya mlango wa mhusika taratibu, kisha anarudi njia ileile ikiwa mhusika hakusoma vizuri. Mjomba wangu boti yake ameiandika Mtasema Mtachoka, na shemeji yake anajua ni yeye. Nyuma ya nyumba yetu kuna mzee Mrundi ana mbwa anaitwa Nibavuge, yaani waache waseme, na mbwa huyo haitwi kwa sauti kubwa isipokuwa watu fulani wanapopita. Ndiyo malezi niliyopata. Kwa hiyo jioni moja nilipokuwa na neno moyoni na mashine iko mbele yangu inangoja jina, nikaipa neno. Niliona raha, jamani, siwafichi. Nikazoea. Na nani angeona? Menyu inatokea asubuhi tu ninapowasha, dukani, mlango haujafunguliwa, mimi peke yangu na Mungu. Tena nilikuwa nimeipanga menyu isipite yenyewe, isimame palepale ingoje mpaka nibonyeze, kwa sababu kioo changu ni kizee, kinachelewa kuamka, na kabla hakijaamka menyu ilikuwa imeshapita.

Hadija, dada yangu mkubwa, akachumbiwa. Mchumba ni Yusufu wa Nyanza-Lac, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mtu mpole, amelelewa na shangazi yake, Bi Mwamvita, na hapo kwa shangazi ndipo palipokuwa na kazi. Walikaa Tanzania ukimbizini miaka mingi kabla ya kurudi, na huko kambini Bi Mwamvita alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anasema Kiswahili cha redioni, na anakutazama kama daftari lililochafuka. Alikuwa na msichana aliyemchagulia Yusufu kulekule Nyanza-Lac, Yusufu akakataa, akamtaka Hadija, kwa hiyo kila alipokuja kwetu alikuja kutafuta kasoro. Chai nyepesi. Uwanja haujafagiliwa vizuri. Siku moja mama alikaanga mukeke, kila mtu na wake, mgeni akamaliza wa kwake, na mama kwa heshima akamsogezea na mwingine, na wetu ukaenda hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, tukala wali na mchuzi. Jioni ile nilikuwa nairekebisha tena sauti ya mashine, lakini jina nililoipa halikuhusu sauti.

Hadija alikuwa anamuogopa yule mama kweli. Siku chache kabla ya harusi alinishika mkono jikoni, akaniambia: "Shabani, miye ndiye nitaenda kuishi kwa ule mama, si weye. Kitu moja tu nakuomba. Usinitie haya mbele yake."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi kazi yangu ilikuwa picha tu, za Hadija tangu utoto mpaka ukubwa, zipite ukutani ukumbini wakati watu wanakula. Kazi ya mtoto.

Na uamuzi mdogo ulioniua ni huu. Didjei wa ukumbi, ambaye projekta ni yake, alinifuata mapema kwa ustaarabu kabisa: "Shabani, leta picha kwa kle, nitazipitisha kwa laptop yangu, bila problem." Ningesema murakoze, asante, basi. Badala yake nikamwambia kle zao ndizo zinazoua kompyuta za mji huu, na kwamba mimi nitaleta mashine yangu mwenyewe, watu waone kitu ambacho Bujumbura kwenyewe ni wachache wanakijua. Akacheka kidogo puani. Jioni mashine nayo ikapata jina la kumhusu.

Nikah ilipita asubuhi msikitini, salama. Mchana nikaifunga mashine yangu nyuma ya pikipiki (ni ile ya mezani, sanduku zima, haina betri), nikaifikisha ukumbini kabla ya wageni, nikaiunga na projekta, nikaiwasha, nikabonyeza, picha zikaanza kupita. Didjei akasogea kutazama. Nikamwambia: "Tafadhali, hii usiiguse. Si Windows hii." Akarudi nyuma, akakunja mikono. Lililonifurahisha zaidi siku ile yote ni jinsi alivyokunja mikono.

Wageni wakajaa, wa kwetu upande huu, wa Nyanza-Lac upande ule, Bi Mwamvita mstari wa mbele na miwani yake, kando ya wazee. Hadija na Yusufu wakakaa kwenye viti vya maua. Ukutani picha zinapita na kina mama wanashangilia, na mimi nikaona nimemaliza, nikaenda nyuma kabisa kwenye masufuria, nikajipakulia pilau ya mtu aliyemaliza kazi. Ukutani palikuwa na Hadija mdogo, amesimama mwaloni na beseni la ndagala, dagaa wa huku, kichwani limemzidi, umeme ukakatika.

Hakuna aliyeshtuka, kwani umeme kukatika ni habari? Didjei akatoka kuwasha jenereta, ikakohoa, ikashika, taa zikarudi, projekta ikarudi, na mashine yangu nayo ikajiwasha yenyewe, maana niliipanga ijiwashe umeme ukirudi (duka ni duka). Ikafika kwenye menyu. Na menyu, kama nilivyoifundisha, ikasimama ikaningoja.

Mimi nilikuwa nimeinamia sahani. Nilichosikia ni mzee mmoja wa mbele anauliza: "Ile iko wanaandika nini pale kwa ukuta?" Na sauti ya Bi Mwamvita, sauti ya darasani, safi, inayofika mpaka dawati la mwisho, ikajibu kwa kusoma: "Picha ziko tayari."

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya programu.

"Kanzu imenibana," akasoma. Kicheko. "Didjei ana kiburi." Kicheko kikubwa, na watu wakageuka kumtazama didjei, aliyekuwa amerudi na kusimama kando ya mashine yangu, hatua moja tu kutoka kwenye kibodi, mikono ameikunja, kama alivyoagizwa. Nikampigia kelele toka nyuma: "Bonyeza! Bonyeza hapo!" Akanijibu kwa utulivu mkubwa: "Non, non. Ulisema nisiguse."

"Bwana harusi anacheka kama mbuzi," akasoma Bi Mwamvita, na Yusufu, masikini, aliyekuwa anacheka na wengine wakati uleule, akakifunga kinywa akabaki amevimba mashavu.

Nikatupa sahani. Sasa mtu mwenye akili angekimbilia kibodi, akabonyeza kitufe kimoja, menyu ikapotea, habari ikaisha. Mimi nilikimbilia ukuta. Sijui kwa nini. Nadhani mwili uliona kitu cha kuficha ukaenda kukificha, ukasimama mbele yake na mikono imetanuliwa kama golikipa, na ndipo maneno ya mstari wa tano yakahama kutoka ukutani yakaja kukaa tumboni mwangu.

Bi Mwamvita akasimama, akairekebisha miwani. "Shabani mwanangu," akasema, "nyooka kidogo. Maandishi yamejikunja."

Nami nikanyooka! (Heshima ni kitu kibaya wakati mwingine.)

"Shangazi," akasoma, "amekula mukeke wote."

Vichwa vyote vikamgeukia. Nilimtafuta mama kwa macho, nikaiona kanga tu, uso ulikuwa ndani. Hadija alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake ya hina imeshikana mapajani imekaza. Bi Mwamvita akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, bila haraka, akaivaa tena.

"Si wote," akasema. "Mmoja niliuacha kichwa."

Na akacheka. Yule mama ambaye hatukuwahi kuona meno yake akacheka mpaka akashika bega la mzee wa kando, na ukumbi wote ukaachia, wa Nyanza-Lac na wa Rumonge pamoja, mtu akapiga meza, mama akatoa uso, hata Hadija nikaona mabega yanatikisika chini ya mtandio, na nikajua anacheka, nikajua tumepona. Nikacheka na mimi, nikafuta jasho, na kwa ule wepesi wa mtu aliyesamehewa nikashusha mikono, nikasogea pembeni, nikauachia ukuta.

Bi Mwamvita alikuwa ameshanogewa. "Haya, tuone na chini," akasema, akaendelea. "Sauti imerudi." Mtu akaitikia alhamdulillahi, watu wakacheka. "Hadija aolewe tupate chumba."

Wako waliocheka na hiyo. Wengi walicheka. Ila Bi Mwamvita alishusha sauti kwenye neno la mwisho, nikaona kwamba yeye, kama mwalimu, ameshaelewa alichosomeshwa.

Nikatembea mpaka kwenye kibodi, nikabonyeza. Didjei akanipisha.

Niseme ukweli wa lile jina. Nililiandika zamani, siku ile watu wa Yusufu walipokuja mara ya kwanza kuuliza. Mimi na wadogo zangu wawili tunalala sebuleni, tunatandika usiku na kukunja alfajiri, na madumu matupu ya mafuta ya baba ndiyo mito yetu, na Hadija ndiye aliyekuwa na chumba. Tulikuwa tunataniana sisi wanaume, akiondoka nani atalala upande wa dirisha. Niliandika nikacheka peke yangu, nikaendelea na kazi. Nilikuwa nimesahau kabisa. Lakini siwezi kusema halikuwa kweli, chumba nilikitaka, na kwa muda fulani, mwezi mzima pengine, nilipokuwa nikifikiria harusi ya dada yangu nilikuwa nafikiria dirisha. Hilo likaniuma, na linaniuma nikilieleza.

Hadija akalia. Machozi yalishuka wazi, wanja ukashuka nayo, na kina mama wakapiga vigelegele kwa sababu bibi harusi mwenye adabu hulilia kwao, asipolia watu husema alikuwa na haraka. "Huyo ndiye mutoto amelelewa!" mmoja akasema nyuma yangu. Picha nilizianzisha tena na hakuna aliyezitazama, wote walikuwa wanatazama jinsi anavyolia vizuri.

Jioni mapema gari la kwenda Nyanza-Lac likaletwa mlangoni. Nilibeba sanduku lake mimi mwenyewe, nikaliweka nyuma, nikazunguka dirishani. Bi Mwamvita alikuwa ameshakaa kando yake na ameushika mkono wake (na hilo, kusema kweli, halikuwahi kutokea kabla). Hadija akafunua mtandio kidogo.

"Ya shangazi haina neno," akasema. "Ameshacheka. Lakini ile ya chumba, Shabani, si ungeniambia tu? Ningelala na mama. Kitanda yake iko kubwa."

"Nilikuwa natania, dada."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana uliandika pahali sitasoma."

Gari likaondoka. Watu wakanipiga mgongoni, Mukeke Wote, Mukeke Wote, harusi ya mwaka, na nikacheka nao inavyopasa.

Kesho yake nilizifuta mashine zote za zamani, kuna amri moja tu ya kufanya hivyo, nikabakiza iliyokuwa inafanya kazi. Idrisa aliposikia akashangaa kwenye simu: "Zote? Sasa ukiharibu utarudi wapi?" Nikamwambia nitaharibu kwa uangalifu. Na nimeapa, tena nilimwapia mama ambaye siku hiyo alikuwa na kanga isiyo na neno lolote la kumlenga mtu, kwamba mashine yangu haitapata jina tena mpaka naingia kaburini, itakuwa na namba, na mtu nikiwa na neno naye nitamfuata nimwambie usoni, au nilimeze na maji ya baridi. Didjei nilimfuata, nikamwambia ana kiburi. Akasema anajua.

Bi Mwamvita siku hizi ni rafiki yangu. Watu wanaopanda kutoka kusini hunifikishia salamu zake, na safari moja alituma samaki, wabichi, kwenye barafu, bila maelezo. Wanasema anamtendea Hadija kama binti wa tumbo lake na hataki mtu amguse. Hadija naye anapiga simu. Anauliza mama, anauliza wadogo, ananiuliza sekretaria inaendaje, kwa adabu kabisa, namna wateja wangu wa mbali wanavyoongea nami, halafu anasema bando linakwisha.

Wadogo zangu walihamia chumbani asubuhi ileile ya kwanza, wakagombania upande wa dirisha mpaka mama akaingilia. Mkeka wangu waliuwekea nafasi katikati. Niliwaambia chumba kile kina joto. Bado nalala sebuleni.